Konje ya Siku Tatu

Karani wa ofisi ya wafanyakazi aliisoma ile karatasi ya kuomba likizo mara mbili, akaigeuza aone kama mgongoni kuna kingine kilichoandikwa, kisha akainua macho.

"Tata Ngeleka, hapa munaandika konje. Ni konje ya ugonjwa, ao konje ya kutembea?"

"Ya kutembea," Ngeleka akajibu.

Nyuma yake walikuwa wamepanga mstari madereva wanne wa magari makubwa ya mashimo ya madini ya Mashamba, Kolwezi. Wawili kati yao ni yeye aliyewafundisha kurudisha gari kinyumenyume ukingoni mwa shimo bila kuangalia chini. Mmoja alikohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

"Tuelewane," karani akasema, akiweka kalamu chini ili ahesabu kwa vidole Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. "Weye unaenda ku masini ya kusafisha damu mara tatu kwa juma. Kazi mbili, kazi ine, siku ya posho. Kompani inalipa, haijasema kitu. Sasa unaomba kompani ilipe seansi moja kule Lubumbashi, ju unaenda kuangalia nini?"

"Kiubo. Mayi yenye kuanguka."

"Mayi!" Karani akaonyesha bomba la maji dirishani, akawageukia wale madereva kana kwamba ni mashahidi wake. "Tata, mayi iko hata ku robine."

Walicheka wote. Hata wale wawili walicheka, ingawa mmoja alitazama viatu vyake. Ngeleka aliyekuwa akipimiwa nusu lita ya maji kwa siku, chai na mchuzi vikihesabiwa humohumo, alisubiri kicheko kiishe kama mtu anayesubiri gari la moshi lipite ndipo avuke reli.

"Mutoto wangu Myriam alimaliza sekondere, alipata diplome ya Leta," akasema. "Nilimuahidia tangu iko mudogo. Mu mwezi wa kumi anaenda Kinshasa kusoma. Kama si sasa, hapana tena. Na konje ni haki yangu. Miaka mine sijakamata hata siku moja."

Karani alivuta muhuri, akaupuliza, akaugonga. Alipomrudishia karatasi hakuiachia upesi.

"Ukifia kule, bibi yako asikuye kulilia hapa."

*

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Kasulo. Chumba cha nyuma walikuwa wameshakihama, kwa sababu jirani alichimba kobalti mpaka chini ya msingi wao, na ukuta ukapasuka toka juu hadi chini. Walikuwa wamebanana katika vyumba viwili vya mbele, na maneno yaliyosemwa katika kimoja yalisikika yote katika kingine.

"Hapa tuko na masini," Godelieve, mkewe, alisema usiku ule akikunja vitenge vyake vya kuuza. "Hapa tuko na Annie, anajua mukono yako, anajua mushipa iko wapi. Kule nani anakujua?"

"Annie ameshaongea nao ku telefone."

"Telefone haitoboe mushipa."

Ngeleka alishusha macho. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya goti, na pale daktari alipounganisha mishipa miwili palitetema chini ya ngozi, mchana na usiku, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Godelieve alikuwa amezoea kulala na mtetemo ule ubavuni. Akikawia kuusikia, aliamka.

"Tata, tuache," Myriam akasema kutoka chumba cha pili. "Mi nitaona Kiubo siku ingine."

"Siku ingine utaiona na bwana yako," Ngeleka akajibu. "Na mi utanieleza. Sitaki kuelezwa."

Godelieve akaacha kukunja. Alimwangalia mumewe kwa muda mrefu, na alichokiona usoni pake hakuwa amekiona tangu siku ile alipoambiwa kuwa figo zote mbili zimekufa. Kilikuwa kitu kidogo tu: mtu anayetaka kitu.

"Basi mi naenda na weye," akasema. "Na kopo ya mayi nashika mi."

Annie, muuguzi wa mashine ya Kolwezi, alikuwa ameandika barua, akamtoa Ngeleka damu ya vipimo, akaambatanisha majibu yote yaliyotakiwa na kituo cha Lubumbashi. Jumamosi, alipomaliza kumchomoa sindano, alimpa bahasha hiyo na kumbonyeza pamba mkononi.

"Mu miaka sita hakuna mugonjwa alishaniomba hii," akasema. "Nilifikiri hata haiwezekane. Mayi ni nusu lita, Tata. Hata kama muto yote ya Lufira inakuita kwa jina. Na kazi mbili saa sita uko ku kiti kule. Si saa saba."

*

Waliondoka Jumapili alfajiri kwa gari la Kazadi, kaka yake Godelieve, gari ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya mpira. Walipita Fungurume, wakapita Likasi, kisha wakaiacha lami na kushika njia ya vumbi jekundu kuelekea kaskazini. Ngeleka alikaa mbele. Kwa miaka minne barabara aliyoijua ilikuwa moja: kutoka nyumbani hadi mashineni, na kutoka mashineni hadi kazini. Sasa alisoma kwa sauti kila kibao cha kijiji kama mtoto anayejifunza kusoma, na Kazadi akamwacha asome.

Walilala kwa mapadri, kwenye chumba chenye vitanda vinne na msalaba mmoja. Godelieve alimpimia maji kwa kikombe cha dawa. Jumatatu asubuhi midomo ya Ngeleka ilikuwa mikavu kama ganda la karanga, na pete ya ndoa ilikuwa imeanza kumbana kidole. Godelieve aliiona pete, akaendelea kupima.

Walipokaribia, Ngeleka alimshika Kazadi bega.

"Banapasula mawe?"

Ule ulikuwa mngurumo wa chini, wa kuhisiwa kifuani kabla ya kusikiwa, na kwa mtu aliyekaa miaka ishirini mashimoni sauti ya namna hiyo ilikuwa na maana moja tu: baruti. Lakini baruti hulipuka ikanyamaza. Hii haikunyamaza. Kazadi alizima gari, na mngurumo ukaendelea, ukajaza gari lote, ukaitikisa ile kamba ya mpira mlangoni.

Waliteremka kwa miguu, polepole, Myriam mbele, Ngeleka akipumzika kila hatua kumi. Kisha miti ikaisha.

Mto mzima ulikuja umetulia, mpana, wa rangi ya chai, ukafika ukingoni mwa jabali na ukakosa ardhi. Ukaanguka. Ulianguka mweupe, kwa upana ambao jicho moja halikutosha kuuona, ukapiga chini na kupanda tena kama moshi, na ndani ya moshi huo upinde wa mvua ulisimama bila kutikisika, kana kwamba umejengwa. Na nyuma ya maji yale yalikuja mengine, na nyuma ya hayo mengine.

Ngeleka alizoea vitu vikubwa. Aliendesha magari ambayo tairi lao moja lilimzidi kimo, alimwaga tani mia za mawe kwa kuvuta mkono mmoja wa chuma. Alijaribu kuhesabu kama alivyozoea: magari mangapi, yakimwaga pamoja, kwa zamu ngapi. Hesabu ilimponyoka. Hapa hakukuwa na zamu. Hapakuwa na mtu aliyevuta chuma. Maji yalikuwa yanaanguka kabla hajazaliwa, yalikuwa yanaanguka zile saa zote alizolala kitini akitazama damu yake ikizunguka kwenye bomba, na hayakupungua hata kikombe.

"Mvidi Mukulu," alinong'ona, jina la Mungu kwa lugha ya nyanya yake wa Kasai, jina ambalo hakulitamka tangu utoto.

Godelieve alikuwa amevua viatu. Hakujua ni kwa nini. Alisimama peku juu ya mwamba wenye unyevu, viatu mkononi, kama mtu aliyeingia nyumba ya mkubwa.

Myriam akamshika baba yake kwa kiwiko, wakasogea hadi pale ambapo rasharasha za maji ziliwafikia. Nguo zililowa. Matone yalimjaa Ngeleka kwenye nyusi, yakateremka puani, yakakaa mdomoni. Alifumba macho. Kisha, taratibu, akafungua kinywa.

"Tata!" Myriam akasema.

Hakufunga. Alisimama vile, kichwa nyuma, kinywa wazi kama kifaranga, akipokea hewa ile yenye maji. Kooni hakikushuka hata kijiko. Lakini ulimi uliloa, na ufizi ukaloa, na kiu ya miaka minne, ile iliyokuwa ikimwamsha, ilinyamaza kidogo kama mtoto aliyebebwa. Alipofumbua macho alimkuta mkewe mbele yake, kakamata kopo la kupimia.

"Hii nayo tuihesabie?" Godelieve aliuliza.

Wakacheka wote wawili, na kicheko chao hakikusikika, kwa sababu ya maji.

*

Jumanne saa tano na nusu walikuwa mlangoni mwa kituo cha Lubumbashi. Ngazi zilikuwa tatu tu, na Ngeleka akasimama kwenye ya pili. Pumzi ilikuwa inakuja fupi. Usiku alikuwa amelala ameketi.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Noëlla. Aliisoma barua ya Annie, akampandisha Ngeleka kwenye mizani, akaandika: kilo tatu na nusu juu ya uzito wake. Halafu akaikunja barua na kuishika kwa mikono miwili.

"Mama, Tata, munisamehe. Tulikuwa na masini ine. Jana tatu zilikufa pamoja ju ya kuriri ya umeme. Fundi anakuya kesho. Hii siku ya leo tuko na moja, na bagonjwa ya hapa penyewe bamoja tulibarudisha ku manyumba."

"Lakini walituandika," Godelieve akasema. "Saa sita. Annie aliongea na mweye."

"Aliongea na mi mwenyewe, Mama. Masini njo haikuongea."

Mlinzi aliyekuwa amekaa karibu na mlango alichungulia bahasha. "Kumbe munatoka matembezi?" akauliza kwa sauti kubwa, bila ubaya. "Ku Kiubo? Mugonjwa?" Watu wawili kwenye benchi wakageuka kutazama. Godelieve aliona jinsi walivyoyatazama mavumbi mekundu viatuni mwao, na kwa mara ya kwanza tangu Kolwezi aliona aibu, aibu ya mtu aliyekamatwa akifurahi.

"Tunarudia Kolwezi sasa hivi," Kazadi akasema. "Saa ine ao tano ya njia."

"Kule turu yake ya leo, kiti yake, bameshapatia mwingine," Godelieve akajibu. "Na hii pumuzi haitafika Likasi." Alisema hayo kwa utulivu, kisha akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Myriam aliketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake. "Ni ju yangu," alisema.

"Nyamaza," Ngeleka akamwambia. Alipumua mara mbili ndipo apate neno la pili. "Niliona. Hata ikiwa vile, niliona."

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani, kwenye kiti pekee kilichofanya kazi, alilala mwanamke wa umri wa makamo, ushungi wa kijani kichwani, mkono mmoja umefungwa mabomba mekundu. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Noëlla," aliita. "Huyu mugeni anatoka wapi?"

"Kolwezi, Mama Asia."

"Alikuya kufanya nini?"

Noëlla akasita. "Konje."

Halafu Mama Asia akarudia neno lile taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. "Konje. Mutu wa masini. Konje!" Akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Mi niko na miaka tano hapa. Dada yangu alizikwa Uvira, sikuenda. Mutoto yangu aliolewa Kalemie, niliona mapicha. Nilijua ni katazo. Noëlla, si katazo?"

"Si katazo, Mama. Ni kupanga tu."

"Miaka tano hakuna mutu alinielezea!" Akatazama saa ya ukutani. "Mi nimefanya saa mbili mu zile ine. Ikifika ya tatu, munichomoe. Ile moja mumupatie."

"Mama Asia, hapana. Damu yenu haitatoka muzuri. Mpaka kazi ine mutavimba miguu."

"Ni miguu yangu."

Kwenye benchi, mmoja wa wale wawili waliomtazama Ngeleka viatu alijikongoja kusimama. Alikuwa mzee mwembamba, jina lake Tshimanga, zamani fundi wa reli, na zamu yake ndiyo iliyofuata ya Mama Asia.

"Saa moja haitoshe mutu," akasema. "Atachomwa sindano ya bure. Na yangu mukate moja. Mi ni muzee, nakunywa kidogo."

"Unakunywa kuliko ngamia," Mama Asia akasema kutoka ndani.

Aliyebaki na zamu baada ya mzee alikuwa Ezéchiel, mtu wa miaka thelathini na ushee, mwenye gereji ndogo nyuma ya soko. Alikuwa bado anaangalia simu yake. Wote walimngoja. Alivuta pumzi kwa hasira.

"Mi juma ilipita nilikatwa saa moja ju ya kuriri. Nilikuwa karibu kuzama mu kitanda yangu." Alimwangalia Ngeleka, ambaye alitikisa kichwa kumwambia aache, hana deni. Labda ni kule kutikisa kichwa kulikomshinda. Ezéchiel akaitia simu mfukoni. "Sawa. Moja, moja, moja. Ni tatu. Lakini konje yangu pia nitaikamata, musikie."

Noëlla alimpigia daktari simu. Alikwenda nayo mwisho wa ujia, akarudi akiwa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye glavu. Daktari amekubali, mradi wote watatu waje alfajiri ya Alhamisi kabla ya wengine.

Godelieve hakujua amshukuru nani kwanza. Aliwaendea mmoja mmoja, akapiga magoti mbele ya mzee, akamshika Ezéchiel mikono yote miwili mpaka akaona haya. Ngeleka alibaki pale alipokuwa. Alikuwa amedhani jana, juu ya ule mwamba, kwamba sasa amemaliza: hakuna tena duniani cha kumfanya asimame kinywa wazi. Aliwatazama watu watatu wasiomjua jina, wenye miguu iliyovimba kama yake, na kinywa kikabaki wazi kuliko pale Kiubo.

*

Saa yake ya tatu ilipotimia, Mama Asia alichomolewa. Mashine ikasafishwa. Ngeleka alipoketi, kiti kilikuwa bado na joto la mgongo wake.

Noëlla alipapasa mkono mgeni, akaupata mtetemo, akachoma mara moja tu na kupata. Damu ikapanda kwenye bomba. Godelieve alikuwa akichungulia juu ya bega lake, akaachia pumzi aliyoizuia tangu ngazi ya pili.

Mama Asia hakwenda nyumbani. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa akibonyeza pamba mkononi. Mzee Tshimanga na Ezéchiel wakaingia na kuegemea ukuta, ingawa haikuruhusiwa, na Noëlla akajifanya anapanga vifaa.

"Sasa lipa," Mama Asia akasema. "Elezea ile mayi. Iko mingi namna gani?"

Ngeleka akaanza kueleza. Pumzi ilikuwa bado fupi, kwa hiyo alieleza polepole, na Myriam akijaza alipokwama: mto uliotulia, jabali, weupe, moshi wa maji, ule upinde uliosimama kama daraja. Watu watatu wenye kiu walimsikiliza. Ezéchiel alilamba midomo bila kujijua. Mashine ikaendelea kuzungusha.

"Na ulikunywa?" Mama Asia aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la chumbani.

Ngeleka alimtazama Noëlla, akamtazama mkewe.

"Nilifungua kinywa."

Chumba kizima kikacheka. Mzee Tshimanga alicheka mpaka akashikilia ukuta. Noëlla alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Kicheko kilipokwisha hakuna aliyeondoka.

"Noëlla," Mama Asia akasema. "Ile barua ya kutoka kwao. Njo inaandikwa namna gani?"

"Jina, kundi ya damu, bipimo, uzito, masaa. Na mahali mutu anaenda."

"Basi kamata karatasi."

Noëlla akavuta karatasi nyeupe kutoka kwenye jalada, akakaa ukingoni mwa kitanda kilichozimwa.

"Kalemie," Mama Asia akasema. "Mujukuu wangu iko na miaka mbili, hanijue. Uliza kama kule kuna masini. Kama hakuna, uliza ya karibu."

Noëlla akaandika. Kisha mzee Tshimanga akasema kutoka ukutani, kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama inaruhusiwa:

"Mi muniandikie Mutshatsha. Kaburi ya mama yangu iko kule. Lakini kule masini haiko, najua."

"Mutshatsha iko karibu na Kolwezi," Ngeleka akasema kutoka kitini. "Unalala kwangu. Kazi mbili unakaa ku kiti yangu."

"Na weye, Tata?"

"Shiye bagonjwa ya masini tuko kumi na mbili kule," Ngeleka akasema. "Tutaongea."

Noëlla akaandika yote mawili, Mutshatsha na Kolwezi. Kisha akainua kalamu, akamtazama Ezéchiel.

Ezéchiel alifikiri muda mrefu, mikono mifukoni. "Mi sijue fasi ya kwenda," alisema hatimaye. "Sijawahi kuwaza. Acha mustari wazi, nitakuambia kazi ine."

Noëlla akauacha wazi.